Askari wazee wa Goma: nyumba ya kambi, karatasi zilizoungua na ugonjwa wa kusahau

Katika mji wa Goma, nyumba ya askari ni nyumba ya kambi. Anaingia humo kwa sababu amevaa sare, na bibi yake na watoto wanaingia kwa sababu yake. Siku sare inapovuliwa, au siku anapokufa, wote wanabaki humo kwa huruma tu ya kamanda aliyepo. Kambi ya Katindo, ambayo mji umekua na kuizunguka pande zote, imebeba kwa miaka mingi watu wa namna hiyo: wajane, mayatima, na wazee walioingia jeshini wakati jeshi lilikuwa na jina lingine na nchi pia.

Wazee hao wanajulikana kwa hofu moja, hofu ya kuambiwa waondoke. Kuna hofu ya pili ambayo inazungumzwa ndani ya nyumba tu. Papa anauliza swali lilelile mara tano. Anatoka asubuhi kununua mkate na anarudishwa jioni na kijana wa pikipiki. Anamwita mjukuu kwa jina la rafiki aliyekufa Shaba. Watu wanasema ni uzee, wengine wanasema ni ulozi. Madaktari wanaita demensia, na wanasema si uzee wenyewe bali ni ugonjwa wa ubongo. Ili kuelewa kwa nini ugonjwa huu ukimpata askari mzee wa Goma unaweza kumtupa barabarani, inafaa kurudi nyuma hadi siku za Force Publique.

Goma ilikuwa kwanza kituo kidogo cha Wabelgiji, kikitazamana na Gisenyi ya Wajerumani. Vita vya kwanza vya dunia vilipolipuka, mpaka huu wa ziwa ukawa uwanja wa mapigano: Septemba 1914 Wajerumani walikamata kisiwa cha Idjwi, na Aprili 1916 askari Wakongo wa Jenerali Tombeur wakaanza kuingia Rwanda. Kigali ilianguka Mei 1916, Tabora tarehe 19 Septemba mwaka ule. Vita vya pili viliwapeleka mbali zaidi. Julai 1941 jeshi la Waitaliano lilijisalimisha kwao huko Saio, Ethiopia, na hospitali moja ya Wakongo na Wabelgiji ilifika hadi Burma. Kambi Saio ya Bukavu ilipata jina lake kutokana na ushindi ule.

Askari wa wakati huo aliandikishwa kwa miaka saba, na mara nyingi alipelekwa mbali na kwao. Hii haikutokea kwa bahati. Baada ya maasi ya Luluabourg mwaka 1895 na yale ya 1897, wakuu wa Force Publique walikata shauri kwamba kikosi kimoja kisijazwe watu wa kabila moja. Walichanganya watu wa Équateur, wa Kasai, wa Uele, wa Bas-Congo, na wakawafunga pamoja kwa lugha moja, Lingala. Kwa Wabelgiji ilikuwa njia ya kuzuia maasi mengine. Kwa uzee wa askari ilikuwa balaa, maana kijijini mzee anayesahau bado ana mahali pake: kuna shamba la ukoo, kuna wapwa, kuna watoto wanaojua njia yake na wanaomrudisha akipotea. Askari aliyetoka Mbandaka au Kananga na kuzeeka Goma hana shamba hapa, hana mjomba, na Kiswahili chake bado kina harufu ya Lingala. Familia yake ni ile aliyoizalia kambini.

Uhuru wa 1960 ulibadili maofisa, haukubadili desturi hiyo. Kambi zilibaki zilezile, na askari walizidi kutumwa kutoka pembe moja ya nchi hadi nyingine. Kilichobadilika mara kwa mara ni jina. Force Publique ikawa Armée Nationale Congolaise, yaani ANC, mwaka 1960. Mwaka 1971, nchi ilipoitwa Zaire, ikawa FAZ. Mwaka 1997, baada ya AFDL kumwangusha Mobutu, ikawa FAC. Tangu 2003 ni FARDC. Kijana aliyeingia ANC mwaka 1964 akiwa na miaka 18, wakati wa vita vya Stanleyville, sasa amefikia miaka 80. Huenda aliwaona mamluki wa Schramme walipoishika Bukavu mwaka 1967, na huenda alipigana Shaba mwaka 1977 au Kolwezi mwaka 1978. Askari wenzake waliobaki katika FAZ hadi mwisho waligeuzwa washindwa mwaka 1997, na wengi wao walipelekwa Kitona kufundishwa upya kama wanafunzi.

Goma iliongeza fundo lake. Agosti 1998 uasi wa RCD ulianzia hapa, na jeshi la RCD nalo lilijiita Armée Nationale Congolaise. Herufi zilezile tatu, majeshi mawili, karibu miaka thelathini kati yake. Mzee anaposema mbele ya karani kwamba alikuwa ANC, karani ana haki ya kuuliza ni ANC ipi. Mtu mwenye akili timamu atajibu kwa sentensi moja. Mtu ambaye miaka imeanza kuchanganyika kichwani atajibu yote mawili, kisha atataja FAZ, kisha atakaa kimya.

Hapa ndipo ugonjwa unapokutana na ofisi. Mwaka 1881 Mfaransa Théodule Ribot aliandika kitabu juu ya magonjwa ya kumbukumbu, akaeleza jambo ambalo kila mlezi wa mzee analijua: mambo ya karibuni ndiyo yanakufa kwanza, ya zamani yanadumu. Miaka 25 baadaye, Novemba 1906, daktari Alois Alzheimer alisimama mbele ya wenzake huko Tübingen, Ujerumani, akaonyesha alichokikuta katika ubongo wa mama mmoja aliyekufa akiwa amepotelewa na karibu kila kitu. Tangu hapo ugonjwa ulio wa kawaida zaidi kati ya magonjwa haya unabeba jina lake. Mengine yanatokana na mishipa ya damu ya kichwani kuziba au kupasuka, na presha isiyotibiwa ndiyo inayoyaletea watu wengi.

Kanuni ya Ribot ina ukatili wake katika mji huu. Nyiragongo ililipuka tarehe 17 Januari 2002, lava ikashuka katikati ya Goma hadi ziwani, ikafunika karibu sehemu moja ya nane ya mji na kuwaacha watu wapatao 120,000 bila makao. Kabla yake ulikuwepo mlipuko wa Januari 1977, na baada yake ule wa tarehe 22 Mei 2021, ambao lava yake ilisimama Buhene, mlangoni mwa mji. Kwa hiyo mzee wa Goma ana nyumba ya zamani na nyumba mpya, barabara ya zamani na barabara mpya. Ugonjwa unamwachia zile za zamani. Anaweza kutembea kwa uhakika kabisa kuelekea mtaa ambao uko chini ya mawe meusi, na akakasirika anapoambiwa kwamba hapo hakuna mlango.

Lava ilikula pia karatasi. Zile ambazo lava haikuzila zilipotea katika kukimbia: Novemba 1996, Agosti 1998, Novemba 2012, Januari 2025, kila mara mji ulipobadilisha mikono. Karatasi ya kuandikishwa, barua ya cheo, kitabu cha malipo, cheti cha ndoa. Karatasi zikiisha, kinachobaki ni kichwa cha mzee mwenyewe: matrikule yake, jina la kikosi, jina la kamanda, mwaka wa kuapishwa. Askari wengi wa zamani wanaitaja matrikule bila kusita kama sala ya asubuhi, hata wakiwa wamesahau walichokula. Lakini hiyo nayo ina siku yake.

Na serikali imezidi kuhitaji kichwa hicho. Vita vilipokwisha kwa makubaliano ya 2003, jeshi jipya lilikuwa na majina mengi kuliko watu. Askari hewa walilipwa mishahara ambayo iliishia mifukoni mwa wakubwa. Kuanzia 2005 hadi 2016, ujumbe wa Umoja wa Ulaya ulioitwa EUSEC ulisaidia kuhesabu askari upya, kuwachukua picha na alama za vidole, na kutenganisha njia ya malipo na njia ya amri ili kamanda asishike tena pesa za watu wake. Lilikuwa jambo jema, na askari wengi wa chini walipata franga zao zote kwa mara ya kwanza. Lakini mfumo uliojengwa kukamata askari hewa unamwangalia kila mtu kama askari hewa mpaka athibitishe vingine. Lazima ajitokeze yeye mwenyewe, kwa siku iliyotajwa, mahali palipotajwa, ajibu maswali. Mzee mwenye demensia anafanana sana na mdanganyifu. Anasitasita, anataja tarehe mbili tofauti, anamtazama mtoto wake kabla ya kujibu.

Wale waliochagua kutoka jeshini wakati huo walipitia CONADER, tume iliyoundwa kwa ajili ya kuwarudisha wapiganaji katika maisha ya kiraia. Walipewa dola 110 za mwanzo na dola 25 kila mwezi kwa mwaka mmoja. Mpango ule ulifikiria kijana: afundishwe useremala, apewe mbuzi, asirudi msituni. Mzee hakuwemo katika picha. Wengine hawakutoka kabisa, kwa sababu kustaafu bila pensheni ni njaa, na pia ni kupoteza nyumba. Hivyo jeshi lilibaki na askari wenye mvi wanaolinda geti na kufagia uwanja, na wakubwa walijua, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuwaambia waende. Sheria namba 13/005 ya tarehe 15 Januari 2013 iliweka masharti ya mwanajeshi wa FARDC, pamoja na kustaafu kwake. Kwa mzee wa kambini, sheria hiyo inapimwa kwa jambo moja: je, pesa ya kupanga nyumba ya mbao huko Ndosho au Majengo itapatikana kila mwezi?

Je, askari wanaugua demensia kuliko watu wengine? Huko Marekani swali hilo lilichunguzwa na matokeo yalitolewa mwaka 2010. Waganga walifuata mafaili ya askari wa zamani 181,093, karibu wote wanaume, wenye miaka 55 na zaidi, kwa muda wa miaka saba. Kati ya wale waliokuwa na ugonjwa wa akili unaoletwa na mshtuko wa vita, 10.6% walipata demensia. Kati ya wengine ilikuwa 6.6%. Uchunguzi mwingine wa huko ulionyesha kwamba pigo la kichwa, hata lisilomzimisha mtu, linaongeza hatari. Mwaka 2024 kamati ya jarida la Lancet ilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya demensia na yanayoweza kurekebishwa. Ndani yake mna pigo la kichwa, presha, pombe, kukosa shule, huzuni ya muda mrefu, na uziwi.

Uziwi ustahili kusimamiwa kidogo. Mtu aliyetumikia mizinga au aliyepiga bunduki miaka ishirini bila kitu masikioni anazeeka akiwa kiziwi nusu. Kiziwi haongei sana, anajitenga, ubongo wake unakosa kazi. Na kinyume chake kinatokea pia: familia inadhani papa amepoteza akili, kumbe hasikii. Mara nyingine kinachomsumbua ni presha, ni kisukari, ni macho yenye mtoto wa jicho, ni huzuni nzito iliyobaki tangu vita. Ndiyo maana kumpima kunafaa hata pale ambapo dawa ya Alzheimer haipo. Sehemu ya wanaoitwa wasahaulifu wanaweza kupata nafuu.

Karibu nasi kuna hesabu pia. Miaka ya 2008 na 2009 watafiti walipita nyumba kwa nyumba Brazzaville na Bangui wakipima watu wa miaka 65 na zaidi. Walikuta demensia kwa 6.7% Brazzaville na 8.1% Bangui, yaani si mbali na Ulaya. Usemi kwamba ugonjwa huu ni wa Wazungu ulikufa hapo. Uchunguzi mwingine wa Kongo-Brazzaville ulifuata maisha ya wagonjwa wenyewe, na ulikuta kitu ambacho mkaaji wa Goma hatashangaa kukisikia: wengine wanashtakiwa ulozi, wanafungiwa, wanapigwa, wanaachwa. Kwa kawaida anayeshtakiwa ni mama mzee. Lakini mwanaume ambaye aliwahi kushika silaha, anayezunguka usiku akiongea peke yake kwa Lingala ya amri, naye anaogopesha majirani. Na mwenye nyumba ya kupanga hatafuti sababu kubwa ya kumwondoa mpangaji.

Mtu anayebeba haya yote ni bibi yake. Ndiye anayeficha ufunguo, anayefua matandiko, anayekwenda kumtafuta. Nyumba ya kambi ikiondoka, inamwondokea yeye pia, na sauti yake katika ofisi ni ndogo kuliko ya mume wake ambaye hakumbuki chochote.

Kuna mahali pengine ambapo wazee wa vita walifungwa na karatasi namna hii, na kisa chao kinaonyesha kwamba sharti moja tu linaweza kuamua mtu alale wapi. Ni wale askari Waafrika wa Ufaransa waitwao tirailleurs, waliopigana Indochina na Algeria. Ili wapate posho ya uzee ya Ufaransa, karibu euro 950 kwa mwezi, iliwabidi waishi Ufaransa angalau nusu ya mwaka. Basi wazee wa miaka 85 na 90 walikaa peke yao katika vyumba vidogo vya hosteli za wahamiaji karibu na Paris, mbali na wake na wajukuu walio Senegal, kwa ajili ya sharti la ofisi. Mwaka 2023 sharti hilo liliondolewa kwa ajili yao, na Aprili mwaka huo kundi la kwanza la wazee tisa lilirudi nyumbani. Hawakuongezewa nishani wala hotuba. Walichohitaji ni mstari mmoja wa sheria ufutwe. Kwetu, Juni 2022, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimvisha nishani Kaporali Albert Kunyuku huko Kinshasa, mzee wa miaka 100 aliyekuwa Burma. Alikuwa mmoja. Wale wa ANC na FAZ ni wengi, na hakuna mfalme anayedaiwa kwa ajili yao.

Tangu tarehe 27 Januari 2025 Goma iko mikononi mwa M23, na hali ya wazee hawa imekuwa nyembamba zaidi. Benki zilifunga milango, kwa hiyo anayedai chochote Kinshasa amelazimika kutafuta njia ya mbali. Februari mwaka ule kambi za wakimbizi wa vita pembeni mwa mji, kama Bulengo na Lushagala, zilifungwa, na maelfu ya watu wakarudi kutafuta pa kulala. Na kuna jambo ambalo bibi wa askari mzee anaelewa bila kuelezwa. Katika mji uliobadilisha mikono mara nyingi hivi, kuwa askari wa zamani ni habari ambayo mtu huisema au huificha kulingana na anayeuliza. Demensia inaondoa breki hiyo. Mzee anampigia saluti yeyote mwenye sare, anataja cheo chake barabarani, anaimba nyimbo za Mobutu sokoni. Bibi yake anacheka ili wapita njia nao wacheke.

Msaada uliopo si mwingi, lakini upo. Mabradha wa Charité wana hospitali ya akili ya Tulizo Letu hapa Goma, na Bukavu kuna SOSAME. Kinshasa wako watafiti wanaotengeneza vipimo vya kumbukumbu vinavyomfaa Mkongo, hata yule ambaye hakusoma, kwa sababu kipimo cha Ulaya kinachomwomba mtu achore saa au aandike sentensi kinamwangusha mkulima mwenye akili timamu.

Kwa familia, kazi ya kwanza ni ya karatasi, na ina muda wake. Matrikule, vikosi, miaka na majina ya makamanda yaandikwe wakati papa bado anayasema vizuri, kwa mkono wa mtoto, mbele ya askari mwenzake wa zamani anayeweza kushuhudia. Nakala moja ikae nje ya nyumba, parokiani au kwa ndugu aliye mji mwingine, mahali ambapo volkano na risasi haziwezi kuifikia siku moja na ile ya kwanza. Kisha ndoa. Askari wengi walioa kimila katika kambi walizopitia, wakatoa mahari, wakazaa, na hawakwenda kamwe kwa ofisa wa serikali. Sheria ya familia ya 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inaruhusu ndoa ya kimila iandikishwe baadaye. Bila cheti hicho, mjane hana la kuonyesha anapodai haki ya mume wake. Na kwa kuandikisha, katika komini ya Goma au ya Karisimbi, wawili hao wanatakiwa kufika pamoja, na mume aweze kusema mwenyewe kwamba huyu ni bibi yake.